Mzingo Usiofunga

Mnyororo una pingili mia moja.
Najua kwa kuwa nimezihesabu kwa kidole
asubuhi, jua la Tanga halijaupasha chuma,
nikaupima tena saa saba mchana, umerefuka
upana wa ukucha. Ukucha tu.
Lakini toka Chumbageni hadi Pongwe
ukucha huzaa ukucha,
na mwisho wake ni kiunga cha mtu.

Hilo sikufundishwa na yeyote.

Bwana Harkness alitazama, mimi nilivuta.
Mishale kumi ya chuma, kila mmoja na kitambaa chekundu:
nachomeka, naita, nachomeka, naita,
naye chini ya mwavuli anasoma nyuzi kwenye darubini,
ananipa daftari nibebe.
Nibebe, si nisome.

Usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
nilisoma.
Pembe nne za shamba la mkonge, ukizijumlisha,
sharti zitimie nyuzi mia tatu na sitini.
Zilipungua dakika mbili.
Nikajumlisha tena, kibatari kikinitia masizi puani.
Mbili zilezile.

"Bwana, ile pembe ya kwenye mkwaju."
Alinitazama kama aliyesemeshwa na mkwaju wenyewe.
Akaenda, akainama, akasoma upya,
akafuta, akaandika. Hakunena neno.
Siku ile alinipa sigara nzima.

Kuna siku nyingine siipendi.
Mnyororo ulipita Kange, katikati ya mihogo ya mama mkwe.
Alisimama na jembe lake, akanitazama mimi, si Bwana.
Ningeweza kudanganya hesabu.
Niliita namba sawasawa, kwa sauti kubwa,
maana nilijua mzingo usingefunga
na wangerudi, na ningeshika mimi tena.
Mwantumu mke wangu hakuniuliza.
Alipakua chakula, akala peke yake.

Mwaka wa arobaini na tisa niliandika barua.
Karani Noronha aliipiga chapa kwa shilingi na nusu
kwenye mashine iliyokuwa ikiruka herufi "r",
hivyo niliomba "nafasi ya kusomea upimaji wa a dhi,"
nikaziba pengo kwa kalamu.
Jibu lilichukua miezi saba.
Halikusema hapana. Wazungu wa ofisini hawasemi hapana.
Lilisema kwa Waafrika yapo mafunzo:
kushika fimbo, kufuta vioo,
kuandika herufi za ramani kwa wino mweusi.
Anayetaka leseni, na akae kwanza miaka kadhaa
chini ya mpima mwenye leseni.
Nikawahesabu wenye leseni, vidole vikabaki.
Wote walikuwa akina Harkness.

Nikamwendea. Alikuwa anasafisha kioo.
Akakipulizia pumzi, akafuta, akapulizia tena.
"Zuberi," akasema, "katika washika mnyororo
niliowahi kuwa nao, wewe ni namba moja."
Sifa ile ilikuwa bikoni:
imemwagiwa zege, imekauka.
Huku mwisho.

Basi nilikwenda hayo mafunzo yaliyopo.
Miezi sita ya herufi.
Nilifuzu; mwandiko wangu ulisifiwa hata makao makuu.
Kwenye kona ya kila ramani, chini, kulia,
niliandika IMEPIMWA NA,
kisha jina, herufi zimesimama kama askari,
wino haukutambaa hata unywele.
Jina la nani, unajua.

Mzingo mzuri hurudi ulipoanzia.
Nimeuzunguka wangu miaka thelathini na moja,
nikajumlisha pembe zake zote, kwa kibatari na kwa umeme.
Haufungi.
Kosa lake ni unene wa karatasi moja yenye mhuri.

Lakini nikwambie jambo.
Siku ya mwisho Bwana Harkness alihesabu mishale, ikawa tisa.
Akahesabu tena, kama nilivyomzoesha.
Akaandika: "Mmoja umepotea porini."
Katika makosa yake yote,
hilo pekee nililinyamazia.

Ninao hadi leo. Kitambaa kimechakaa.
Mwantumu anauchomea mahindi.